Mtoto wa chini ya miaka mitatu na skrini: mwongozo kamili wa kupunguza TV na simu nyumbani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa chini ya miaka 5, uliotoka Aprili 2019, hauna maneno mengi kuhusu skrini. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asioneshwe kabisa. Mwenye mwaka 1 bado haishauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinaruhusu jambo moja tu kabla ya miezi 18, nalo ni kuzungumza kwa video na ndugu walio mbali.

Wazazi wengi wameshazisikia namba hizi. Kinachowashinda ni saa kumi na mbili jioni, maharage yakiwa jikoni, mtoto analia na simu iko mezani. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata nyakati za siku ambazo skrini humfikia mtoto, na kila wakati unaeleza cha kuweka mahali pake. Simu inayoondolewa bila kuwekewa mbadala hurudi kabla ya wiki kuisha.

Kwa nini skrini haimfundishi mtoto mdogo

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle waliwakutanisha watoto wa Kimarekani wa miezi 9 na watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarin, vipindi 12 vya dakika kama 25. Mwishoni watoto hao waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Kundi jingine lilioneshwa mambo yaleyale kwenye video, nalo halikujifunza. Mtu aliye mbele ya mtoto hufuata macho yake, hutaja kile anachokitazama, hungoja mguno wake, kisha humjibu. Video haingoji. Pengo hilo hupungua taratibu hadi mtoto anapokaribia miaka 3.

Mtoto wa mwaka na nusu anayetaja rangi kwa Kiingereza baada ya katuni huwafurahisha watu wazima, lakini mara nyingi anarudia sauti tu. Muulize ndoo nyekundu iko wapi, utajua kama neno limeshika.

Jambo la pili ni kile ambacho skrini hukisukuma nje ya siku. Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku ukijumlisha wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Aliyetimiza mwaka anahitaji dakika 180 za kujongea, zikiwa zimetawanyika kutwa. Mtoto mchanga asiyetambaa anahitaji angalau dakika 30 za kulazwa kifudifudi akiwa macho na mtu akimwangalia. Ukiingiza saa tatu za katuni katika siku ya namna hiyo, lazima kitu kimoja kipungue.

Hatua ya kwanza: andika kwa siku tatu

Chukua daftari. Andika kwa siku mbili za kazi na moja ya mapumziko. Kila skrini inapowaka mtoto akiwa karibu, andika saa ilipowashwa na kuzimwa, kama ni TV au simu, nani aliiwasha, na kwa nini. Hiyo sababu ndiyo yenye kazi: "alikuwa hali", "nilikuwa naoga", "alilia kwenye daladala", "ilikuwa inawaka tu". Usibadilishe chochote siku hizo tatu. Mweleze anayeshinda na mtoto kwamba hakuna anayechunguzwa, la sivyo ataandika yale anayodhani unataka kuyasoma.

Utakuta sababu nyingi zinaangukia katika mafungu matano: TV inayowaka yenyewe, kulisha, kazi za nyumbani, kulia, na kulala. Shughulikia fungu moja kwa wiki, kwa mpangilio huo. Linaanza lile lisiloleta kilio, na hilo huwapa watu wa nyumbani moyo wa kuendelea.

Hatua ya pili: TV inayowaka bila mtazamaji

Hii ndiyo watu husahau kuihesabu, na kwa maoni yetu ndiyo inayostahili kuanza. Mtoto haangalii, yuko sakafuni na vijiti vyake, basi mtu anaona hakuna ubaya. Lakini Dimitri Christakis na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2009, waliwavalisha watoto wa miezi 2 hadi 48 vinasa sauti, wakakuta kila saa ya TV inayosikika iliendana na upungufu wa maneno 770 hivi ya watu wazima ambayo mtoto aliyasikia. Mkubwa huwa kimya TV inapoongea. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2008, ulionesha kwamba watoto wa mwaka 1 hadi 3 waliocheza karibu na TV yenye kipindi cha watu wazima walikatiza michezo yao mapema, ingawa waliitupia jicho kwa sekunde chache tu kila mara.

Zima TV pamoja na king'amuzi kwenye swichi ya ukutani, na rimoti iwekwe juu. Chagueni vipindi viwili ambavyo watu wazima kweli wanavitaka, kwa mfano taarifa ya habari, kisha izimwe. Nyumba itaonekana kimya siku mbili tatu za mwanzo, na anayeusikia ukimya huo zaidi ni dada wa kazi au bibi anayeshinda hapo. Mwachie redio wakati mtoto amelala. Redio ya mazungumzo kutwa nzima nayo hufunika sauti za watu, ila muziki wa nusu saa mnaoucheza pamoja hauna shida.

Hatua ya tatu: kulisha

Hapa pana ugumu kuliko pote, na hapa panahitaji subira. Mtoto anayelishwa macho yakiwa kwenye simu hufungua mdomo bila kujali kilicho kwenye kijiko, na dalili zake za njaa na shibe hazipati nafasi. Bakuli linaisha, mzazi anashukuru. Baada ya miezi kadhaa mtoto hali bila simu, na hata huyo bibi aliyemzoea hawezi kumlisha.

Tenga saa mbili hivi kati ya chochote chenye kushibisha na mlo. Chai, juisi na biskuti za saa kumi ndizo chanzo cha ugomvi mwingi wa saa moja usiku. Mkalishe mahali palepale kila siku, mkekani au kwenye kiti, wengine nao wakila. Mtoto huiga mdomo unaotafuna mbele yake.

Pakua kidogo kuliko unavyotamani. Kwa kikombe cha mililita 250, mtoto wa miezi 6 hadi 8 huanza na vijiko vikubwa 2 au 3 na kufika nusu kikombe kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 11, nusu kikombe, mara 3 au 4. Wa miezi 12 hadi 23, robo tatu hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, pamoja na kitu cha kati mara 1 au 2. Mama wengi wanaohangaika na simu wanajaribu kuingiza kiasi ambacho tumbo la umri huo halikihitaji.

Mpe kitu cha kushika mwenyewe: kipande cha ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichoiva, parachichi, tonge dogo la ugali laini na mchuzi. Mpe na kijiko chake, wewe ushike kingine. Atajipaka usoni na kumwaga, kwa hiyo tandika kitu cha kufuta chini. Dakika 20 hadi 30 zikipita, ondoa chakula bila maneno. Usimfuate na bakuli uani. Kinachofuata ni baada ya saa mbili au tatu, bila vitafunwa katikati, isipokuwa maji na, kwa anayenyonya, ziwa.

Siku tatu za kwanza atakula kidogo kuliko kawaida na atainyooshea kidole sehemu simu ilipokuwa ikikaa. Angalia mkojo na uchangamfu wake: kama anakojoa kama kawaida yake na anacheza, hajadhurika. Siku ya pili ndipo mtu mzima mmoja husema mtoto atalala na njaa, simu ikatolewa. Mzuie mapema kwa kukubaliana kwamba mlo wa usiku utakuwa na kitu kimoja ambacho mtoto hakatai. Akikataa vingine, hicho kitakuwepo.

Usianze hatua hii mtoto akiwa na homa, akiharisha, au mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukiwa unashuka. Huyo aonwe kwanza na mtaalamu wa lishe kliniki.

Hatua ya nne: saa ya kupika na kufua

Mtoto wa mwaka 1 hushughulika na kitu kimoja kwa dakika chache, na akizungukiwa na vitu vinavyofaa anaweza kufika dakika 15. Panga kazi zako kwa vipande vya urefu huo. Menya na kukatakata wakati amelala. Kaanga na songa akiwa macho.

Andaa mabeseni matatu ya vitu, na toa moja tu kwa siku. Katika moja weka sufuria ndogo, mfuniko, mwiko na kikombe cha plastiki. Katika jingine, vipande vya kanga vya kuvuta kutoka ndani ya kopo lisilo na makali. Katika la tatu, chupa za plastiki zilizofungwa barabara, moja ina mchele ndani, nyingine maji, nyingine mchanga. Beseni lililofichwa siku mbili hurudi likiwa jipya machoni pake. Midoli ya dukani yote ikiwa wazi kwa pamoja humchosha kwa dakika tano.

Chochote kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni, kile kikaratasi kigumu cha katikati, kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Vizibo vya soda, shanga, sarafu na betri bapa zisiwepo. Usimwache peke yake na beseni la maji hata kidogo. Sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha. Tandika mkeka mahali anapokuona, lakini mbali na jiko la mkaa au gesi na mpini wa sufuria usioweza kufikiwa. Mtoto mchanga asiyetambaa mbebe mgongoni kwa kazi zisizo za moto, na umsimulie unachofanya: "sasa nafagia, sasa nakunja shuka." Hayo ndiyo maneno ambayo TV ilikuwa inayachukua.

Mzazi aliye peke yake na mtoto wa miaka 2, anayetumia dakika 15 za katuni ili aoge, hajaharibu kitu. Tatizo ni dakika 15 zinazogeuka saa mbili kwa sababu hakuna aliyepanga mwisho wake.

Hatua ya tano: kulia

Simu hunyamazisha haraka, na ndiyo hatari yake. Mtoto anayepewa simu kila anapokasirika hapati zoezi la kutulia akiwa na mtu. Akianza, shuka hadi usawa wake, taja kilichomkera kwa maneno machache ("umekasirika, ulitaka kisu"), mshike kama anataka kushikwa, na ungoje. Maelezo marefu hayafiki katikati ya kilio.

Tegemea kilio kuongezeka katika siku za mwanzo kabla ya kupungua. Anajaribu njia iliyokuwa ikifanya kazi, kwa nguvu zaidi. Ukishikilia dakika 20 kisha ukatoa simu, umemfundisha kwamba dakika 20 ndizo bei yake. Kama unajua leo huwezi kustahimili, kwa mfano kwenye foleni ya kliniki, mtolee mapema kitu kingine: kitambaa chenye mafundo, kikombe, kipande cha mkate, dirisha la daladala na majina ya vinavyopita.

Hatua ya sita: kulala

Zima skrini zote saa nzima kabla ya muda wa kulala. Mwanga mkali jioni huchelewesha homoni ya usingizi, na picha za haraka humwamsha mtoto aliyekwisha choka. Weka mfuatano mmoja usiobadilika: kuoga, kula au kunyonya, kupiga mswaki, taa hafifu, hadithi fupi au wimbo wa kubembeleza, kitandani. Mfuatano huo hufanya kazi zaidi ya saa ya ukutani.

Familia inayoishi chumba kimoja ina kazi ngumu zaidi. Mlaze mtoto kwanza, ninyi muangalie baadaye kwa sauti ya chini, TV ikielekezwa upande mwingine na kanga ikiwa imetundikwa kama pazia. Simu ichajiwe mbali na kitanda. Mama anayenyonyesha usiku akipitia simu apunguze mwanga hadi chini kabisa. Mchana, jitahidi dakika za mwanzo za kunyonyesha zibaki kwa macho ya mtoto.

Hatua ya saba: akitimiza miaka 2, chagua na ufunge

Chagua kipindi kinachokwenda taratibu, chenye jambo moja linaloeleweka, watu au wanyama wanaongea kwa zamu, na lugha mnayotumia nyumbani. Kama picha inakatika kila sekunde moja au mbili na muziki haukomi, acha. Katuni za Kiswahili za shirika la Ubongo la Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa zile za wadogo zimetengenezwa kwa miaka 3 hadi 6, hivyo wa miaka 2 atahitaji mtu pembeni wa kumweleza. Kurudia kipindi kilekile ni faida kwa umri huu, hata kama wewe umekichoka.

Kaa naye. Simamisha katikati, uliza, unganisha na vya nyumbani: "Huyo ni mbuzi, kama wa babu." TV ya ukutani ni bora kuliko simu, kwa sababu iko mbali na macho, wote mnaiona, na mtoto hawezi kuichezea kidoleni. Hakikisha imefungwa ukutani au kwenye meza imara. TV bapa huanguka mtoto akijivuta nayo.

Kama ni simu, ifunge hivi. Pakua vipindi viwili mapema kwa kutumia Wi-Fi au bando la usiku, kisha washa hali ya ndege. Hapo hakuna tangazo, hakuna video inayofuata, hakuna ujumbe, na bando halimalizwi. Kwenye Android, ingia Mipangilio, andika neno "pin" kwenye kisanduku cha kutafutia, na uwashe sehemu ya kubandika programu. Mtoto hataweza kutoka kwenye video bila namba yako ya siri, mradi umechagua simu iombe namba hiyo wakati wa kubandua. Kwenye iPhone, nenda Settings, kisha Accessibility, kisha Guided Access. Ukiwa kwenye video, bofya kitufe cha pembeni mara tatu (kwenye simu zenye kitufe cha chini, bofya hicho). Humo unaweza kuweka na muda wa kujifunga. Ukilazimika kuwa mtandaoni, zima uchezaji wa kujiendeleza wa YouTube kwa swichi iliyo juu ya video.

Kumaliza kuna mbinu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha 2016 kwamba onyo la "bado dakika mbili" lilifanya mtoto akatae zaidi, kinyume na wazazi wanavyoamini. Kilichosaidia ni mwisho wa asili: kipindi kimeisha, na kuzima skrini ni sehemu ya utaratibu wa kila siku. Basi hesabu kwa vipindi, si kwa dakika: "viwili, halafu tunaoga." Kiishe, mwenyewe abonyeze kuzima, na maji ya kuoga yawe tayari.

Angalia na betri ya rimoti ndogo. Zile bapa kama sarafu zikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukihisi amemeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo na useme neno betri mlangoni.

Watu wengine wa nyumbani

Katazo peke yake halifanyi kazi kwa mtu anayeshinda na mtoto kwa muda wa saa kumi huku anapika, anafua na kupiga pasi. Mpe yale mabeseni, mpunguzie kazi moja, na mwambie wazi kipi kinaruhusiwa: kwa aliyetimiza miaka 2, vipindi viwili baada ya kulala mchana, basi. Kwa bibi, heshima kwanza. Mwombe hadithi zake, kwa kuwa ndizo mjukuu anazozihitaji, na umwachie yeye saa ya jioni. Na simu ya mzazi nayo ihesabiwe. Mtoto anayeongea na uso ulioinamia skrini hunyamaza mapema.

Baba aliye kazini Muscat au bibi wa kijijini anaweza kuonekana kwa video wakati wowote. Ziwe dakika 5 hadi 10, mtandao ukiwa mzuri, kwa sababu sauti ikichelewa mtoto huacha kujibu. Mtu mzima aliye na mtoto ataje na kuonesha: "Baba anakupungia, mpungie." Anayepiga aoneshe kitu halisi, kikombe chake, paka wake, na kujificha nyuma ya kiganja. Maswali ya "umekula?" hayamshiki mtoto wa mwaka.

Dalili za kumpeleka kliniki

Haitikii jina lake akiwa na mwaka 1. Hanyooshi kidole kuonesha kitu akiwa na miezi 18, au hana neno hata moja. Haungi maneno mawili, kama "mama maji", akiwa na miaka 2. Au, katika umri wowote, amepoteza maneno au ishara alizokuwa nazo; huyo asingoje hata wiki.

Wengine hushauriwa wazime TV miezi sita waone. Izime leo, na kliniki uende wiki hii. Skrini nyingi huendana na kuchelewa kusema, lakini pia mtoto mwenye tatizo la kusikia au usonji anaweza kupendelea skrini kuliko watu, na muda wa kumsaidia unapita. Kusikia lugha mbili nyumbani hakusababishi ucheleweshaji wa aina hii. Hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Omba masikio yapimwe kwanza. Hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kenyatta jijini Nairobi zina idara za masikio, pua na koo, na kwingine anzia kliniki ya mtoto upewe rufaa. Mrekodi video fupi mbili tatu akicheza na akiitwa jina, kwa sababu mbele ya daktari watoto wengi hunyamaza.